Baada ya Saa Moja Jioni

Bugarama jua huzama karibu saa moja jioni, mwaka mzima. Linaweza kutangulia robo saa au kuchelewa robo saa kutegemea mwezi, lakini halivuki hapo. Tuko magharibi kabisa mwa nchi, kwa hiyo Dar es Salaam wanapowasha taa sisi bado tuna zaidi ya nusu saa ya kuona migomba. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, jua hilohilo linazama saa zao zikiwa bado saa kumi na mbili. Likishazama, giza halichelewi. Huku karibu na ikweta, tangu jua lipotee nyuma ya kilima mpaka ushindwe kusoma gazeti nje ni dakika 20 na kidogo.

Nayataja haya kwa sababu kila anayefundisha upigaji picha, kwenye video na kwenye vitabu, anasema tutumie mwanga wa jioni, ule wa dhahabu. Ni ushauri mzuri kwa watu wenye jioni. Mtu wa Bugarama saa kumi na mbili jioni yuko njiani kutoka shambani na jembe begani, au anafunga mbuzi, au yuko kisimani. Amevaa nguo za kazi na hataki kuonekana nazo. Ukimwomba picha atakujibu, "Subiri kwanza nioge." Akishaoga, akala, akakaa, ni saa mbili usiku. Hapo ndipo anasimulia, anatania, anamkatiza mwenzake maneno. Mchana unampata mkulima. Usiku unampata mtu mwenyewe.

Kwa hiyo nilipoanza kufikiria kununua kamera yangu, swali langu halikuwa ina megapikseli ngapi. Nilitaka kujua jambo moja: ikiwa gizani, itashika fokasi?

Swali hilo lilikuwa na sababu. Babu alipofariki tulitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Ukoo mzima wenye simu mkononi ulitoa picha moja inayofaa, ile ya kitambulisho cha mpiga kura. Kijana wa stesheni mjini Ngara aliikuza mpaka ikatosha karatasi nzima. Babu ametoa macho, kola imepinda, midomo imebanwa kama ya mtu aliyeambiwa asipumue. Picha nyingine zilikuwepo, za Krismasi na za jioni nyumbani, wakati Babu alikuwa na maneno kuliko redio. Zote zilikuwa doa la kahawia lenye meno. Bibi aliitazama ile iliyokuzwa kwa siku tatu za msiba, na wageni walipoondoka akasema taratibu, "Huyu ni yule wa kwenye foleni. Wangu hakai hivi."

Baada ya maneno hayo nilijua ninanunua kamera ya nini. Bibi bado alikuwepo, na yeye pia anapatikana usiku.

*

Ili kuchagua kifaa kwa akili, ilinibidi kwanza nielewe kamera inafanya nini inapofokasi. Watu wengi tunadhani inautafuta uso. Inatafuta tofauti.

Kamera za DSLR zina kioo ndani. Kioo hicho hupeleka mwanga mwingi kwenye dirisha la kuchungulia na kuruhusu sehemu yake ishuke hadi kwenye kihisi kidogo kilichofichwa chini, ambacho kazi yake ni fokasi tu. Kihisi hicho huchukua mwanga uliopita upande mmoja wa lenzi na ule uliopita upande wa pili, kisha hulinganisha picha mbili, kama macho yetu mawili yanavyokadiria umbali. Zikipishana, kamera inajua lenzi isogee upande gani na kwa kiasi gani. Lakini ili kulinganisha lazima pawe na kitu cha kulinganisha: mstari, ukingo, mahali mwanga unapokutana na kivuli. Ukuta wa rangi moja hauipi chochote. Lenzi itakwenda mbele na kurudi nyuma ikivuma kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa.

Sehemu za fokasi nazo hazilingani. Nyingine husoma mistari ya upande mmoja tu, iliyosimama au iliyolala. Nyingine zina umbo la msalaba na husoma yote miwili. Katika kamera nyingi za DSLR za bei ya kati, yenye nguvu kuliko zote ni ile ya katikati, na gizani ndiyo pekee unayoweza kuitegemea. Kuna kamera zinazojivunia sehemu 50 za fokasi, lakini ukiwa sebuleni usiku utatumia moja.

Sasa fikiria sebule ya Bibi. Taa moja ya sola imening'inia katikati ya dari. Ukuta umekolea moshi wa miaka. Bibi ni mweusi, kilemba chake ni cha bluu iliyoiva, amekaa kwenye kona yake karibu na mlango wa jikoni. Mwanga unaorudi kutoka usoni pake ni kidogo, na ukuta ulio nyuma yake unarudisha kidogo vilevile. Tofauti ambayo kamera inaitafuta karibu haipo.

Hapo inafaa kukumbuka historia. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo, na watu weusi walitoka kwenye filamu wakiwa kivuli chenye macho. Kadi hizo zimebaki kwenye historia, na kihisi cha fokasi hakijui mtu anatoka wapi. Lakini fizikia haijabadilika. Uso mweusi kwenye chumba cheusi unahitaji vifaa vilivyochaguliwa kwa ajili yake. Mwenye sebule nyeupe yenye taa sita anaweza kununua chochote, na kitamfaa.

*

Watengenezaji wana namba ya kueleza uwezo huo. Inaitwa EV. EV 0 ni mwanga hafifu unaohitaji shata ikae wazi kwa sekunde 1 nzima, kwa tundu la lenzi la f/1 na ISO 100. Ukishuka namba moja, mwanga umepungua nusu. Nyumba yenye taa za kawaida usiku huwa kati ya EV 5 na 7. Shamba chini ya mwezi mpevu huwa karibu EV -2 au -3. Kona ya Bibi nilipoipima kwa kamera ya kuazima ilicheza kati ya 1 na 0, na upande wa uso uliogeukia jikoni ulikuwa chini ya hapo.

Nikaanza kusoma karatasi za vipimo kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Canon 700D ya 2013, kamera ya kuanzia ambayo vijana wengi wa harusi huku kwetu wameishika, imeandikiwa kufokasi hadi EV -0.5. Canon 6D ya 2012 ina sehemu 11 tu za fokasi, lakini ile ya katikati imeandikiwa EV -3. Nikon D750 ya 2014 ina sehemu 51 na imeandikiwa -3 pia. Kati ya -0.5 na -3 panaonekana padogo, lakini hesabu inasema -3 ni giza lenye mwanga mdogo zaidi ya mara 5. Kisha zikaja kamera zisizo na kioo. Canon EOS R ya 2018 imeandikiwa -6. Huko ni gizani kweli.

Mtu angeishia hapo na kusema nanunua yenye -6. Ila chini ya namba hiyo pana maandishi madogo: imepimwa kwa lenzi ya f/1.2. Hapo ndipo nilipolielewa somo ambalo nadhani ndilo kubwa katika jambo hili zima. Kamera haioni mwanga uliopo chumbani. Inaona mwanga ambao lenzi imeuruhusu upite. EOS R ilipotoka iliuzwa Marekani dola 2,299 bila lenzi. Lenzi ya RF 50mm f/1.2 iliyotoka pamoja nayo iliuzwa dola 2,299 vilevile. Kwa maneno mengine, ile namba ya kuvutia iligharimu kamera mbili.

Ukiivua lenzi hiyo na kuweka ile ya kuvuta ambayo mara nyingi huuzwa pamoja na kamera, ambayo tundu lake hufika f/5.6 ukiivuta mpaka mwisho, mwanga unaopita unapungua zaidi ya mara 20. Kwa hesabu ya mwanga peke yake umepoteza zaidi ya namba 4 za EV. Umenunua -6, ukaenda nyumbani na kitu kinachokaribia -2.

Kinyume chake ni habari njema kwa mtu wa kipato changu. Canon walitoa EF 50mm f/1.8 STM mwaka 2015 kwa takriban dola 130. Ukiilinganisha na f/5.6, f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10. Tena kamera ya DSLR hufokasi tundu likiwa wazi kabisa, hata kama umepanga kupiga kwa f/8, kwa sababu tundu hujifunga tu wakati wa kupiga. Maana yake lenzi yenye tundu kubwa inaisaidia kamera kuona hata pale ambapo picha yenyewe haihitaji tundu hilo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanze na nini, sianzi na kamera. Kama ana kamera yoyote inayobadilisha lenzi, namwambia anunue kwanza lenzi ya bei nafuu isiyovuta, yenye f/1.8, apige nayo usiku kwa mwezi mzima. Baada ya hapo ndipo atajua kama kweli kamera ndiyo inayomzuia.

*

Kuna njia nyingine ya kulishinda giza, nayo ni kulifukuza. Flashi ya juu ya kamera ina faida mbili. Inamulika picha, na kabla ya hapo nyingi zinatupa miale myekundu yenye mistari juu ya mtu ili kamera ipate kitu cha kulinganisha. Miale hiyo inaweza kushika fokasi kwenye chumba kisicho na mwanga kabisa. Anayehamia kwenye kamera zisizo na kioo ajue kwamba mara nyingi kamera hizo haziitumii miale myekundu ya flashi za zamani, zina kitaa chao cha mbele. Flashi itafanya kazi ya kumulika, ile ya kusaidia fokasi isifanye.

Harusini flashi ni mali. Pale watu wamekuja kuonekana. Nikitaka kuutetea mwanga huo namtaja Malick Sidibé wa Bamako, aliyezunguka kwenye dansi za vijana miaka ya 1960 na flashi yake. Picha yake ya 1963 ya usiku wa Krismasi, kijana na msichana wakicheza vichwa vimekaribiana, msichana akiwa peku, ni ya flashi. Giza lililo nyuma yao linawafanya waonekane kama dunia nzima imesimama kuwaangalia. Flashi ilikuwa sehemu ya sherehe.

Lakini kazi yangu nyingine ni misiba. Familia sasa zinaomba picha za mkesha wa matanga, ndugu walioko mbali waone nani alikuja. Niliwahi kukaa pembeni nikamwona kameramani mmoja akielekeza flashi kwa mjane aliyekaa chini kwenye mkeka. Kabla ya mwanga kupasuka, ile miale myekundu ilimtambaa usoni, mistari kwa mistari, kama mtu anayepimwa. Alijifunika kanga. Wanawake waliomzunguka wakasogea wakamkinga kwa migongo yao. Kameramani hakuvunja sheria yoyote, na kifaa chake kilifanya kazi kama kilivyoelekezwa. Ila nilijua kwamba kwa saa kama ile ningehitaji kamera inayoona bila kumgusa mtu.

Katika hilo mwalimu wangu ni Roy DeCarava, mzaliwa wa Harlem mwaka 1919. Alipiga majirani zake na wanamuziki wa jazi kwa mwanga uliokuwepo, akaikwepa flashi, akakubali picha zake ziwe nyeusi sana, kiasi kwamba lazima utulie ili uone. Watu weusi, vyumba vyenye giza, hakuna anayemulikwa kwa nguvu. Alifokasi kwa mkono. Ukizitazama picha hizo unaelewa kwamba giza nalo lina ngazi zake, na uso unaweza kukaa kwenye ngazi ya chini kabisa na bado ukawa uso.

Simu nayo ilikuwa kwenye orodha yangu, maana ningekuwa mjinga kuidharau. Google walileta Night Sight mwaka 2018 na Apple wakafuata mwaka 2019. Simu inapiga picha nyingi mfululizo na kuziunganisha kuwa moja yenye mwanga. Kwa nyumba, kwa kilima chini ya mwezi, kwa mtu aliyetulia kama kitambulisho, inashangaza. Ila inataka utulivu, na Bibi akianza kusimulia mikono yake haitulii.

*

Mwishowe nilichagua 6D iliyotumika na 50mm f/1.8. EOS R iliyotumika ingenipa mengi, ikiwemo uwezo wa kuutambua uso na kuufuata. Kilichoamua ni jambo ambalo halimo kwenye mijadala ya gizani: betri. 6D imeandikiwa picha 1,090 kwa chaji moja, EOS R picha 370, na betri zao ni za ukoo mmoja. Ile isiyo na kioo inalisha skrini na kihisi muda wote, hata unapofikiri. Mitambo ya Rusumo, kwenye mto Kagera hukuhuku wilayani kwetu, imejengwa kuzalisha megawati 80 kwa ajili ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Hata hivyo mkesha unaweza kufanyika kwenye mji usio na soketi, na mwenye msiba hawezi kuulizwa habari za chaji.

Niliifuata Mwanza kwa akiba ya misimu miwili ya harusi. Kamera iliyotumika usiijaribu mlangoni mwa duka, penye jua. Nilimwomba muuzaji twende stoo, azime taa, aache mlango wazi kidogo. Nikaelekeza sehemu ya katikati kwenye maandishi ya boksi, ikashika. Nikaelekeza kwenye ukingo wa rafu, ikashika. Nikamwomba muuzaji mwenyewe asimame kwenye kona, nikalenga kola ya shati lake. Nikapiga picha 10 kwa f/1.8, nikazikuza moja moja kwenye skrini kuangalia kama kilichonyooka ni kola au ni ukuta nyuma yake. Lenzi na kamera zilizopishana kidogo huonekana hapo, maana kwa f/1.8 hakuna pa kujificha. Muuzaji alicheka akasema wateja wengine huuliza tu kama ina Wi-Fi. Nikapanda basi, Geita, Biharamulo, kamera imefungwa kwenye kitenge mapajani.

Mtihani wa kwanza ulikuwa mkesha wa Pasaka. Kanisa linazimwa taa zote, moto unawashwa nje, mshumaa wa Pasaka unaingia peke yake, kisha mwali unagawanywa kutoka mkono hadi mkono mpaka kanisa linajaa nyota ndogondogo. Ukilenga mwali wenyewe kamera inayumba, kwa sababu mwali ni mdogo, unacheza na unang'aa kupita kiasi. Nililenga kola nyeupe za watumikiaji, pale kitambaa kinapokutana na shingo. Ukingo mzuri kuliko huo sijauona. Shata 1/60, ISO 6400, sehemu ya katikati tu. Padri hakugeuka hata mara moja, na sikuona mtu aliyefumba macho kwa sababu yangu.

*

Bibi nilimpiga usiku wa kawaida, anachambua maharage ya kesho. Nilikaa mita 2 kutoka kwake. Kwa umbali huo, 50mm kwenye kamera yenye kihisi kikubwa kama 6D ikiwa f/1.8 ina kina cha fokasi cha kama sentimita 17. Jicho likiwa ndani, sikio bado limo, bega la nyuma limeshaanza kuyeyuka. Mtu akiinama kuchukua ungo ameshatoka.

Kabla ya kupiga nilimwomba binamu yangu aihamishe taa. Dari ilikuwa na msumari mmoja katikati, lakini palikuwa na mwingine juu ya mlango, unaotundikiwa kikapu. Taa ikahamia pale. Haikuongezeka nguvu hata kidogo, ila sasa mwanga ulimjia Bibi kwa ubavuni. Upande mmoja wa uso ukawaka, wa pili ukabaki kwenye kivuli, na katikati, kuanzia paji la uso kushuka puani, pakatokea mpaka. Kamera ilikuwa imepata tofauti yake. Msumari ule ulifanya kazi ambayo kamera ya bei mara mbili isingeifanya.

Penye shida nilitumia kitenge. Alikuwa amejifunga begani kitenge cha maua meupe, na bega lile lilikuwa umbali sawa na jicho lake. Nililenga ukingo wa ua, nikashika, nikarudisha fremu usoni bila kusogea mbele wala nyuma. Kitenge ni rafiki mkubwa wa fokasi. Waliokichora hawakufikiria kamera, lakini walikijaza mistari ya kutosha kwa kihisi chochote.

Mara lenzi ikavuma ikatafuta. Bibi akainua macho. "Hiyo mashine yako inaogopa giza?"

"Haiogopi, Bibi. Inakutafuta."

"Mimi nipo hapa siku zote," akasema, akacheka kile kicheko chake cha kufunika mdomo kwa kiganja chenye maharage. Hapo ndipo nilipobonyeza.

Nilisafisha picha tatu mjini. Aliziweka mapajani akazitazama kwa zamu. Moja alisema ampelekee dada yake. Moja itundikwe. Ile ya kicheko aliishika muda mrefu, akaifuta kwa upande wa kitenge ingawa haikuwa na vumbi, akaniambia niiweke kwenye bahasha ndani ya sanduku lake, chini ya nguo. "Hiyo ndiyo ya siku yangu. Wasije wakaenda kutafuta kitambulisho."

Sikuwa na la kujibu. Niliiweka.

*

Ngara ina picha zinazojulikana duniani. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takribani siku moja, na Benaco ikawa jina la kambi kubwa. Sebastião Salgado alikuja mwaka huo akaipiga, na picha zake bado zinatembea katika vitabu na maonyesho. Ni picha kubwa, na nashukuru zipo. Ndani yake kuna umati, mizigo, moshi, anga pana. Zilikuwa picha za mchana wa maafa, na kazi ile ilibidi ifanywe. Lakini wilaya haiwezi kuishi kwenye kumbukumbu kwa mchana mmoja. Inahitaji pia mtu anayechambua maharage saa mbili na nusu usiku, akicheka.

Picha hizo hakuna atakayekuja kutupigia. Zitapigwa na sisi wa hapa, kwa vifaa tunavyovimudu, na ndiyo maana naona uchaguzi wa lenzi kuwa jambo zito kuliko linavyosikika. Anayenunua kwa kufuata tangazo atapata kamera nzuri ya mchana. Anayejiuliza kwanza nataka kumpiga nani, na mtu huyo anapatikana saa ngapi, atajikuta anauliza maswali mengine kabisa: tundu la lenzi, sehemu ya katikati, betri, misumari ya dari.

Siku hizi majirani wakija hawasemi tena nije Jumapili baada ya misa wakiwa wamevaa suti. Mzee mmoja wa kilima cha pili alinisimamisha dukani akaniuliza kama kweli naweza kuja usiku. Nikamwambia naweza. Akauliza anunue balbu mpya? Nikamwambia balbu aliyonayo inatosha, ila atafute msumari mwingine, augonge karibu na mlango, usawa wa kichwa chake akiwa amesimama.